Kumtayarisha Kijana Mwenye Usonji kwa Maisha ya Utu Uzima
(Mazungumzo kwa wazazi, walezi, walimu na masheha)

Kijana mwenye usonji humaliza skuli kama wanavyomaliza wenziwe. Mmoja humaliza kwa cheti cha Kidato cha Nne, na mwengine humaliza kwa sababu imeonekana umri wake umekwishapita darasa. Linalowakuta wote wawili ni asubuhi ya siku ya pili yake. Kijana aliyezoea kwa miaka 10 na zaidi kuamka alfajiri, kuoga, kuvaa sare na kutoka, huamka vile vile, huoga, huvaa sare yake na kukaa mlangoni. Mama humwambia kuwa skuli imekwisha. Neno hilo halimfikii, kwani hapana aliyemwambia mapema kuwa siku hiyo itakuja, wala hapana aliyemuonesha kinachofuata.

Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba kazi ya kumtayarisha kijana huyu kwa utu uzima haingoji skuli ifunge mlango. Inapasa ianze angali ana miaka 13 au 14, na sehemu yake kubwa hufanyika nje ya darasa: jikoni, dukani, kituo cha daladala, kwa fundi, na katika baraza ambapo watu wa mtaa hukaa jioni.

Wazazi wa watoto hawa wana swali ambalo aghalabu hawalisemi mbele za watu. Siku wao watakapoondoka duniani, nani atakaa na mtoto huyu? Ada ya visiwani ni kuwa ndugu hawatupani, nayo ni ada njema. Ila ada peke yake haimjuzi mjomba kwamba kijana huyu hawezi kustahamili sauti ya mashine ya kusaga nafaka, wala haimjuzi shangazi kwamba hanywi dawa yake ila kwa kikombe kile kile. Mwenye kuyajua hayo ni mama, na mama naye anazeeka.

Kwa wasiofahamu, usonji ni tafauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo hudhihirika tangu utotoni katika namna mtu anavyowasiliana, anavyochanganyika na watu na anavyoshikamana na mazoea yake. Wako wanaosema sana na wako wasiosema kabisa. Wako waliofika vyuo vikuu na wako wanaohitaji kusaidiwa kula. Si jini wala si adhabu, na hausababishwi na chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyozusha dhana hiyo ya chanjo ilifutwa na jarida lenyewe lililoichapisha, The Lancet, mwaka 2010. Jambo kubwa kwa mada hii ni kwamba mtoto mwenye usonji hukua na kuwa mtu mzima mwenye usonji. Anahitaji mahali pa kuishi, kazi ya kufanya na watu wanaomjua.

Mfano wa kwanza unatoka mbali, nao unastahiki kutangulizwa kwa sababu unamhusu mtu wa mwanzo kuandikwa katika vitabu vya udaktari kuwa ana hali hii. Huyo ni Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Alipokuwa bado hajatimiza miaka 4 wazee wake walishauriwa wampeleke katika nyumba ya kulelea watoto, wakampeleka. Mwaka uliofuata walimrejesha nyumbani, na mwaka huo huo wa 1938 wakamchukua kwa Daktari Leo Kanner katika mji wa Baltimore. Mwaka 1943 daktari huyo aliandika habari za watoto 11, na Donald alikuwa wa kwanza katika hao.

Yaliyofuata baadaye ndiyo yenye mafunzo. Kwa muda fulani wa utoto wake Donald aliwekwa kwa mkulima mmoja na mkewe, nje kidogo ya mji. Mtoto alikuwa ameshughulika mno na kuhesabu na kupima. Mkulima yule hakumkataza. Alimpa kisima akipime kina chake, na akamwachia ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Yaani lile lile lililokuwa likiwataabisha watu wengine liligeuzwa kuwa kazi yenye faida shambani. Donald alisoma skuli ya sekondari ya mji wake, akahitimu chuo mwaka 1958, akaajiriwa katika benki ya hapo hapo Forest, na akaitumikia kwa miaka ipatayo 65. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27. Alicheza gofu, na alisafiri nchi nyingi peke yake. Wazee wake walipofariki katika miaka ya 1980, aliendelea kuishi katika nyumba ya familia, na matumizi yake yalitoka katika amana ambayo jamaa zake walikuwa wamemuwekea mapema. Alifariki mwezi wa Juni 2023, umri wake miaka 89.

Ni uadilifu kuongeza kwamba baba yake alikuwa mwanasheria, na kwamba familia ya mama yake ilikuwa na hisa katika benki ile. Si kila mzazi ana benki. Hata hivyo, aliyeichunguza habari hii ataona kuwa mali haikutosha peke yake, kwani matajiri wengine wa zama hizo waliwaficha watoto wao kama hawa mpaka wakafa. Watu wa Forest walikuwa wanamjua Donald. Walizoea kumsikia akiwapa watu nambari badala ya kuwaita majina yao, na hawakuona ajabu. Kijana alitayarishwa kwa ajili ya mji, na mji nao ulikwishatayarika kwa ajili yake. Sehemu hii ya pili haihitaji benki, na shehia yoyote ya Unguja au Pemba inaiweza.

Mwengine ni Bibi Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947, naye pia ni Mmarekani. Alichelewa kusema mpaka alipokaribia miaka 4. Leo anajulikana duniani kuwa profesa wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na bingwa wa kubuni mazizi na njia za kupitishia ng'ombe bila ya kuwatisha. Watu hupenda kuutaja uprofesa wake. Ingefaa zaidi kutaja kwamba alipokuwa na miaka 13 mama yake alimtafutia kazi ya kushona kwa fundi cherehani, na kwamba alipokuwa katika skuli ya bweni alikuwa akisafisha vibanda vya farasi kila siku. Alijifunza kufika kwa wakati, kumtii mtu asiyekuwa mama yake, na kupokea ujira, miaka mingi kabla ya kushika shahada. Mafundi cherehani Zanzibar wako karibu kila mtaa.

Marekani yenyewe iliona kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa bahati ya familia. Sheria yao ya elimu ya watoto wenye ulemavu ni ya mwaka 1975, na mwaka 1990 ikaongezewa wajibu wa kumtayarisha mwanafunzi kwa maisha ya baada ya skuli. Kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2004, mpango huo lazima uandikwe kabla ya kijana kupindukia miaka 16, na kijana mwenyewe hualikwa katika kikao kinachomjadili. Haya ya kumualika mwenyewe ni madogo kwa maneno, lakini ni makubwa kwa maana. Pamoja na hayo, nchi ile tajiri ina pengo lake. Kijana anapofikia miaka 21 au 22, kwa kutegemea jimbo, haki zile za skuli hukoma kwa siku moja, na wazazi wengi hulalamika kuwa walichokuwa wakikitegemea kimeondoka chini ya miguu yao. Kwa hiyo yasidhaniwe mambo ya kule kuwa yamekamilika.

Lililofana zaidi huko lilianzia hospitalini. Mwaka 1996, katika hospitali ya watoto ya mji wa Cincinnati, muuguzi Erin Riehle aliyekuwa akisimamia idara ya dharura alisumbuliwa na kabati za vifaa ambazo hazijazwi kwa utaratibu. Aliona kuwa kazi ile inahitaji mtu anayependa kila kitu kiwe mahali pake, siku zote, bila ya kuchoka na marudio. Ndipo ukazaliwa mpango unaoitwa Project SEARCH, ambapo kijana mwenye ulemavu wa akili au wa ukuaji hutumia mwaka wake wa mwisho wa skuli ndani ya mahali pa kazi, akipitishwa idara moja hadi nyengine, huku mwalimu wake yuko hapo hapo. Mpango huo umeenea katika miji mingi ya Marekani na nchi nyengine, ikiwemo Uingereza. Hapo kijana haondoki skuli akaingia katika giza, kwani kabla skuli haijakwisha yeye amekwishaijua njia ya kazini.

Ndugu Wananchi,

Yapo mambo yanayoweza kufanywa visiwani bila ya kungoja mpango mkubwa. Tuchukue karafuu. Baada ya kuchumwa, karafuu huchambuliwa vikonyo, huanikwa majamvini, hugeuzwa, hutiwa magunia. Kijana asiyeweza kukaa nusu saa katika kelele za soko la Darajani anaweza kukaa saa nyingi akitenga kikonyo na karafuu, na asiruhusu kimoja kipite. Mwengine hapendi vumbi wala jua, lakini ana jicho la kukunja mashuka ya hoteli pembe kwa pembe. Mwengine huyajua majina yote ya vyombo vinavyofunga bandarini. Kabla ya kuuliza kijana hawezi nini, inapasa kumuangalia kwa wiki mbili tatu na kuandika anapotulia, anapotaabika, na anachokirejea mwenyewe bila ya kuamrishwa. Hapo ndipo pa kutafutia kazi.

Mwalimu wa mafunzo ya amali au fundi atakayempokea apewe maelekezo mafupi. Kijana huyu aghalabu hufahamu anachokiona kuliko anachokisikia. Hatua za kazi zichorwe au zipigwe picha, zibandikwe ukutani kwa mpangilio, na kila hatua iliyokwisha igeuzwe au ifunikwe. Njia hii ya picha si mpya. Imekuwa ikitumika kwa utaratibu maalum katika jimbo la North Carolina tangu mwaka 1972. Maneno yawe machache na yenye maana moja. Fundi anayemwambia "hebu ishike shike hiyo" atamuona kijana ameishika, ameiwacha, ameishika tena. Atakuwa ametii.

Na alipwe. Hata ikiwa kidogo, ujira uwe wake na autie mkononi mwake. Yapo mazoea mabaya ya kumtumia kijana wa namna hii kubeba maji na kufagia kwa watu kutwa nzima kwa sahani ya wali, kisha ikasemwa kuwa anasaidiwa. Huo si msaada.

Fedha nazo hufundishwa kwa fedha. Picha za noti katika kitabu hazimsaidii kijana anayehitaji kuishika noti ya shilingi 1,000, kuitoa, na kungoja chenji. Achaguliwe mwenye duka mmoja wa mtaani, aelezwe, na kijana apelekwe kila siku saa ile ile kununua kitu kimoja. Baada ya mwezi kiwe viwili. Safari ya daladala hufundishwa vivyo hivyo kwa kujitoa kidogo kidogo: kwanza mzazi hukaa naye kiti kimoja, kisha hukaa kiti cha nyuma, kisha humpandisha na mwengine humngojea kituoni, mpaka siku ya kwenda peke yake na karatasi yenye jina na nambari ya simu mfukoni. Huenda ikachukua mwaka mzima. Mwaka huo si mwingi ukilinganishwa na miaka 40 ya kusindikizwa.

Liko jambo ambalo haya huwazuia wazazi wengi kulisema, nalo ni mwili. Kijana mwenye usonji hubaleghe kwa wakati ule ule wa wenziwe, hata ikiwa hasemi. Msichana aoneshwe kitambaa au pedi na namna ya kuvaa kabla ya hedhi ya kwanza, asije akadhani ameumia na anakufa. Mvulana aelezwe yanayompata usingizini, na wote wafundishwe kujitoharisha hatua kwa hatua, kwa picha zisizovunja heshima. Wafundishwe kufunga mlango wa chooni, na kwamba nguo hubadilishwa chumbani. Mtoto wa miaka 5 akimkumbatia kila mgeni watu hucheka. Akifika miaka 16 na hajabadilishiwa mazoea hayo, ama atapigwa ama atadhulumiwa. Wapewe majina ya viungo vyote vya mwili, na wafundishwe kukataa kuguswa na mtu yeyote, hata kama ni jamaa, hata kama ni mkubwa. Mtoto aliyefundishwa utiifu peke yake hana kinga.

Umri huu pia ndio ambao baadhi yao hupatwa na kifafa kwa mara ya kwanza. Akianguka au akipotewa na fahamu apelekwe hospitali, na dawa alizoandikiwa zisikatishwe kwa sababu ametulia.

Kuhusu haki na nyaraka, Zanzibar ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006 na ikatunga nyengine mwaka 2022. Tanzania nayo iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao mwaka 2009. Sheria hizo hazimfikii asiyekuwa na karatasi. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe mapema, na anapofikia miaka 18 apelekwe kuchukua kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kwa kuwa kukaa foleni, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole humbabaisha, afanyishwe mazoezi nyumbani kwanza, na sheha aombwe kuwasiliana na ofisi ili afike saa za mapema wakati watu ni wachache. Sheha anayemjua kijana kwa jina na kwa sura atakuwa na faida siku nyengine pia, hasa siku atakapopotea njia au atakapokamatwa kwa kudhaniwa mwizi kwa sababu hakujibu alipoitwa.

Katika mafunzo ya dini yanayofahamika na wengi visiwani, baleghe na rushdi ni mambo mawili mbali mbali. Baleghe huja kwa mwili. Rushdi huonekana katika namna mtu anavyoendesha mambo na mali yake, na msimamizi wa mali ya yatima hutakiwa amjaribu kabla ya kumkabidhi. Kwa kijana mwenye usonji majaribio haya yafanywe kwa kila jambo peke yake. Anaweza kuwa na uwezo kamili wa kuchagua nguo, chakula na kazi, na akahitaji mtu wa kumuongoza katika kuuza shamba. Kumnyima vyote kwa sababu ya kimoja ni dhulma, na kumwachia vyote bila ya msimamizi ni kumuacha mikononi mwa wajanja. Fungu lake la mirathi ni lake, na kutosema kwake hakuhesabiwi kuwa ni kukubali. Wazee wenye nyumba au shamba waende mapema kwa Kadhi na kwa mwanasheria, wakiwa na afya zao, waulize namna ya kumuwekea msimamizi muaminifu. Waende pamoja na kijana, na wale ndugu zake watakaobaki waambiwe mbele yake kilichokubaliwa.

Wala wasibebeshwe dada zake peke yao. Imezoeleka kwamba mtoto wa kike mkubwa huachishwa posa na masomo ili awe mlezi, naye hakuulizwa. Mzigo ukigawanywa kwa watu watatu wanne, mmoja wa matibabu, mmoja wa fedha, mmoja wa kumtembelea kila Ijumaa, utabebeka kwa muda mrefu.

La mwisho ni daftari. Kila nyumba yenye kijana wa namna hii iwe na daftari moja lililoandikwa kwa lugha nyepesi: anakula nini na hali nini, dawa gani na kwa saa ngapi, sauti zipi humtisha, ishara zake zina maana gani, humtuliza nini, anamuamini nani mtaani, na yeye mwenyewe anataka kuishi wapi na kufanya nini. Asiyeweza kusema aulizwe kwa picha. Zifanywe nakala mbili, moja ikae kwa jamaa wa karibu na moja kwa mwalimu au kwa sheha, na lirejewe kila mwaka kabla ya kuingia Ramadhani, kwani saa za kula hubadilika mwezi ule, na kijana anahitaji kuoneshwa mabadiliko hayo katika kalenda siku kadhaa kabla ya mwezi kuandama.